Opresheni ya kunyoosha kidole cha mguu kilichopinda kwa kugandisha kiungo: mwongozo kamili, kuanzia kujipima hadi kuvaa viatu tena

Mama yangu ameuza vitumbua na chai pale Tanga miaka zaidi ya ishirini, kazi ya kusimama kuanzia saa kumi alfajiri, na muda wote huo miguuni ni kiatu cha plastiki kinachobana mbele. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kikaanza kujikunja polepole, yani mwanzo tuliona sugu tu juu ya kidole, alafu sugu ikawa kidonda, kikipona kinarudi, mpaka siku moja nikamshika mguu nikajaribu kukinyoosha nikakuta kigumu kama kipande cha mti. Akafanyiwa opresheni ya kugandisha kiungo na mi ndo nilimuuguza nyumbani wiki zote sita. Tangu hapo watu wananitumia picha za vidole WhatsApp, wengine usiku wa manane, kwa hiyo naandika yote sehemu moja. Mi sio daktari, nimeuguza tu na nimeuliza maswali mengi mpaka kliniki wakanizoea. Na kitu kimoja ninachotaka ukishike ni hiki: opresheni yenyewe ni fupi, ya mama haikufika hata saa nzima, ila zile wiki sita za waya nyumbani hamna aliyetuelezea vizuri, na mambo mengi huwa yanaharibikia huko.

Hatua ya kwanza: jua kidole kimepinda wapi na kimekakamaa kiasi gani

Kidole cha mguu, ukiacha gumba, kina vifupa vitatu na viungo vitatu, kimoja kwenye shina, kimoja katikati na kimoja karibu na ukucha. Kikipinda pale katikati mgongo wa kidole unainuka na ncha inatazama chini, hiki ndo wengi wanakiita kidole nyundo na ndo alichokuwa nacho mama. Kikipinda karibu na ukucha peke yake, ncha inagonga chini na ukucha unauma. Na kikiinuka shinani alafu kikajikunja sehemu zote mbili za mbele kinakuwa kama ukucha wa kuku, na hiki mara nyingi kinakuja vidole kadhaa kwa pamoja, kwa watu wenye shida ya mishipa ya fahamu kama kisukari cha muda mrefu, ukoma, au waliopata kiharusi. Kama vidole vimejikunja kwa mpigo na miguu ina ganzi, usikimbilie kunyoosha vidole, kwanza utafutwe ugonjwa unaokunja hivyo vidole.

Sasa jipime hivi. Kaa kwenye kiti, mguu uning'inie bila kukanyaga, alafu mtu mwingine asukume kwa dole gumba kutoka chini, pale kwenye nyama ya unyayo nyuma tu ya vidole, kama vile sakafu inavyosukuma ukisimama. Angalia kidole. Kikinyooka chenyewe, bado ni laini. Kisiponyooka, kishike ukivute taratibu, na kama bado kimegoma basi kimekakamaa. Hiki kipimo daktari nae anafanya hivohivo na maamuzi mengi yanatokea hapo, kwa sababu kidole laini mara nyingi hakihitaji kugandishwa kabisa, kinaweza kunyooshwa kwa kukata au kuhamisha kano, tena wakati mwingine kwa tundu dogo tu na ganzi ya kidole. Kugandisha ni kwa kile kilichokakamaa, au kilichonyooshwa kikarudi kupinda. Kwa hiyo mtu akikwambia unagandishwa na hajakugusa kidole hata mara moja, omba akishike kwanza.

Hatua ya pili: jaribu yasiyo ya kisu, kwa dhati

Jamani kidole kupinda peke yake sio sababu ya kupasuliwa. Sababu ni maumivu, vidonda vinavyojirudia, au kushindwa kuvaa kiatu na kufanya kazi. Kama hakikuumi, kiache.

Chukua karatasi, simama juu yake bila kiatu, mtu achore mguu wako kwa kalamu kuzunguka. Alafu weka kiatu chako unachovaa kila siku juu ya ule mchoro. Sehemu ambayo mstari unachungulia nje ya kiatu ndo sehemu ambayo mguu unabanwa kutwa nzima. Nilimfanyia mama hivi na vidole vyote vitatu vya mbele vilikuwa nje ya kiatu, alikitazama kile kiatu kwa muda bila kusema kitu. Nunua kiatu kipana mbele na chenye nafasi juu, nunua jioni ambapo mguu umeshavimba kidogo, na mchuchumio uweke wa harusi tu. Fundi viatu mzuri anaweza kuitanua ngozi pale kwenye kidole. Sugu iloweke kwenye maji ya uvuguvugu uisugue taratibu kwa jiwe, usiikate kwa wembe, na mwenye kisukari asipake zile dawa za asidi za kutoa sugu kwa sababu zinachoma na yeye hatasikia. Kuna vikofia vya silikoni vya kidole, kuna sponji za kuweka chini ya kidole, na kuna mafundi wa vifaa tiba vya miguu ambao watu hawawajui kabisa wakati tunao, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT kinachowafundisha, na hospitali ya CCBRT Dar wana karakana yao. Kabla ya kisu pita huko.

Ukijaribu haya miezi kadhaa na bado unachechemea, nenda kwa bingwa wa mifupa, ikiwezekana anayefanya miguu mara kwa mara.

Hatua ya tatu: elewa kinachofanyika ili usiogope bure

Daktari anapasua kidogo juu ya kidole, anafika kwenye kiungo cha katikati, anakata kipande chembamba cha ncha ya mfupa wa nyuma na kukwangua ile gegedu, yani kile kitu cheupe kinachoteleza kwenye ncha za mifupa, mpaka ubaki mfupa mtupu pande zote mbili. Alafu anavikutanisha vile vifupa vikiwa vimenyooka na kuvishika na waya mpaka viungane viwe mfupa mmoja, kama mfupa uliovunjika unavyounga. Kiungo kile hakitajikunja tena maisha yako yote. Kidole kinabaki kifupi kidogo, na bado kinapanda na kushuka pale shinani, kwa hiyo hutembei kama umekanyaga kijiti. Kama kiungo cha shina nacho kimeinuka, analegeza kano na nyama za pale papo hapo, na kama gumba limeegemea kidole cha pili ndo limekisukuma, gumba nalo lazima lirekebishwe, la sivyo litakisukuma tena. Hili ulizia sana.

Waya wenyewe una unene wa milimita moja na kidogo, unaitwa kwa jina la daktari Mjerumani Martin Kirschner aliyeuleta 1909, na mpaka leo ndo unatumika zaidi kwa sababu ni rahisi na unatoka bila opresheni ya pili. Unaingia kwenye ncha ya kidole chini ya ukucha na kupita katikati ya mifupa, kidogo kinabaki nje kimekunjwa au kimefunikwa na kidude cha plastiki. Kuna vifaa vingine vinavyobaki ndani moja kwa moja bila kitu kutokeza nje, ni vizuri kwa usafi ila bei imechangamka, na ikitokea maambukizi kuvitoa ni kazi.

Ganzi mara nyingi ni sindano kadhaa kuzunguka kifundo cha mguu, unakuwa macho na unaongea, au ya mgongo kama vidole ni vingi. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Hatua ya nne: maswali na vipimo kabla ya tarehe

Utapigwa eksirei ukiwa umesimama, sio umelala, maana mguu uliobeba mwili unaonekana tofauti kabisa. Daktari lazima ashike mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Asipoyapata usikubali kwenda thieta mpaka damu ya mguu ipimwe, kidole kilichopasuliwa bila damu ya kutosha hakiponi, na mtu anaweza kukipoteza. Wenye kisukari mpimwe kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, madaktari wengi hupenda kiwe chini ya asilimia 8 kabla ya kupasua. Mwenye selimundu aseme mapema kwa sababu ya ule mpira wa kubana damu wanaoufunga mguuni. Sema dawa zote, za kuyeyusha damu, za baridi yabisi, na za mitishamba pia, hata kama unaona aibu, na usiache dawa yoyote kwa kujiamulia.

Sigara, ugoro, shisha, vyote acha angalau mwezi kabla na usirudie mpaka mfupa uunge. Hapa sina maneno ya kulainisha, tumbaku inabana mishipa midogo ya damu na mfupa unakataa kuunga.

Muulize daktari: ni viungo gani hasa unagandisha, waya utakaa wiki ngapi, nani atautoa na wapi, nitakanyaga siku ya ngapi, na nikipata shida usiku napiga namba gani. Andika majibu. Bili nayo ulizia kipande kwa kipande, thieta, ganzi, kifaa, kiatu, dresingi za baadae, na kama una bima, iwe NHIF huku au SHA kwa ndugu wa Kenya, omba kibali kabla, sio ukiwa umeshalala kitandani.

Hatua ya tano: andaa nyumba, na hii ndo hatua watu wanairuka

Wiki moja kabla, zunguka nyumba yako kama mtu mwenye mguu mmoja. Mikeka na mazulia yanayoteleza kunja. Waya za umeme sakafuni toa. Kama chumba cha kulala kiko juu, hamia chini.

Choo. Kama ni cha kuchuchumaa, wiki hizi huwezi, kwa sababu ukichuchumaa uzito unakwenda kwenye vidole na waya unaweza kukunjika ndani ya mfupa. Tulikwenda kwa seremala akatutengenezea kiti cha mbao chenye tundu la kuweka juu ya choo, na kile kiti kilimsaidia mama kuliko kitu kingine chochote tulichonunua. Weka na kitu cha kushikia ukutani.

Kuoga: kaa kwenye stuli, mguu wa opresheni uweke juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya maji, umefungwa kwenye mfuko mzito usiopitisha maji mpaka katikati ya shavu la mguu, juu ufunge kwa bandeji ya kuvutika na sio kwa kamba. Chini ya mfuko funga taulo dogo, maji yakipenya yakutane na taulo kwanza.

Swala: wengi wa Pwani wataulizia hili na ni haki yao. Bandeji hailowi, kuna ruhusa ya kupangusa juu ya bandeji, na kwa sisi wa madhehebu ya Shafii kuna na suala la kutayamamu, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla ya siku ili usianze kuhangaika baadae. Wiki zote za waya mama aliswali kwenye kiti.

Kitanda: chukua katoni ngumu, kata upande mmoja, iweke miguuni kitandani kama kibanda, mguu unaingia ndani yake na shuka na chandarua vinapita juu. Hili nilijifunza kwa machungu. Usiku wa nane mama aligeuka, uzi wa chandarua ukanasa kwenye kile kincha cha waya, alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Waya haukutoka, ila uligeuka kidogo na kidole kikavuja damu. Asubuhi yake nikatafuta katoni ya sabuni.

Nunua mapema magongo au kigongo, mito miwili, gozi safi, na kiatu cha opresheni, kile kilicho wazi mbele chenye soli bapa isiyokunjika. Mguu mwingine nao utafutiwe kiatu chenye urefu sawa na huo, la sivyo kiuno kitauma. Siku yenyewe, chakula mwisho masaa 6 kabla ya opresheni, maji matupu kwa kawaida mpaka masaa 2 kabla, ila fuata ulivyoambiwa na watu wa ganzi. Osha mguu vizuri kwa sabuni, toa rangi ya kucha na hina kama unaweza, maana wanatazama rangi ya kucha kujua damu inafika. Na usipange kurudi kwa bodaboda, mguu unaning'inia pembeni na unagonga, chukua bajaji au gari ukae nyuma umeuweka mguu kwenye siti.

Hatua ya sita: siku ya kwanza mpaka wiki ya pili

Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Usisubiri uanze kuuma, ganzi ikiisha usiku huna hata mahali pa kuanzia. Panadol, yani paracetamol, kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu moja kila masaa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na angalia dawa za mafua zisije zikawa nazo zina paracetamol. Diclofenac na ndugu zake mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha asimeze bila kuuliza.

Mguu unainuliwa, na kuinua sio kuweka kwenye stuli ukiwa umekaa. Lala, weka mito, mguu uwe juu kuliko kifua. Siku tatu za mwanzo uwe hivyo karibu muda wote, unashuka kwenda choo na kula tu. Baada ya hapo, kila saa moja simama dakika chache, na ukiona kidole kinapwita, mwili unakwambia urudi kulala. Chezesha kifundo cha mguu juu na chini mara kwa mara ili damu isigande kwenye shavu la mguu.

Ukitembea, kanyaga kisigino. Kiatu cha opresheni kwanza, alafu kisigino, na usisukume kwa vidole. Wengi wa kidole kimoja wanaruhusiwa kukanyaga hivi tangu siku za mwanzo, ila ya gumba na ya vidole vingi masharti ni makali zaidi.

Sasa nisikilize kwenye hili. Kila masaa machache siku mbili za mwanzo tazama ncha ya kidole. Bonyeza nyama ya ncha au ukucha kidogo alafu achia, rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3. Kwa ngozi zetu nyeusi usitazame juu ya kidole, tazama chini ya ukucha na upande wa unyayo, linganisha na kidole cha jirani. Kidole kilichokuwa kimejikunja miaka kikinyooshwa ghafla, mishipa ya damu nayo inavutwa, na wakati mwingine inabana. Kikiwa cheupe kama chaki, au cha bluu, na cha baridi, shusha mguu uning'inie, legeza bandeji ya nje, piga ile namba na anza safari kwenda hospitali palepale. Usingoje asubuhi. Daktari anaweza kulegeza zaidi au hata kuchomoa waya kabla ya wakati, na bora kidole kilichorudi kupinda kuliko kidole kilichokufa. Sisi hakuna aliyetuambia haya siku ya kutoka, niliyasikia kliniki wiki ya pili, na nilikaa kimya nikifikiria zile siku nane nilizokuwa sitazami chochote.

Nyuzi za mshono zinatoka kwenye wiki ya pili hivi. Kama hospitali imesema dresingi isiguswe mpaka hapo, usiiguse.

Hatua ya saba: kuishi na waya

Waya haulowi, hausukumwi, hauvutwi, haupakwi kitu ambacho hospitali haijasema. Sio spiriti kila saa, sio asali, sio majivu ya bibi, sio unga wa kapsuli. Kama umefundishwa kusafisha, ni mikono iliyooshwa, gozi safi, maji ya chumvi ya hospitali, unapangusa pale waya unapoingilia, unakausha, unafunika. Damu kidogo iliyokauka pale ni kawaida.

Waya ukianza kutokeza nje zaidi kuliko jana usiurudishe ndani, na usimruhusu mtu mwingine aurudishe. Kuna zahanati moja nilimpeleka mama kufunga dresingi na aliyekuwepo alitaka kuubonyeza urudi ndani, nilimshika mkono. Ile sehemu ya nje imeshagusa vijidudu, ukiisukuma unavipeleka mpaka kwenye mfupa. Funga kwa gozi usicheze, nenda kwa aliyekupasua. Ile sehemu ya nje ya waya ipige picha kwa simu kila Jumapili, utajua kama umesogea bila kubahatisha.

Rudi hospitali haraka ukiona usaha, wekundu au joto linalopanda kwenda mguuni, harufu, homa, maumivu yaliyokuwa yamepungua yakaanza kuongezeka, au waya umekatika. Na shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, au ukapata pumzi fupi na kifua kuchoma, hiyo ni dharura ya sasa hivi, damu inaweza kuwa imeganda. Mwenye ganzi ya kisukari au ukoma asitegemee maumivu kabisa, mtu mwingine amtazamie mguu kila siku.

Kazi ya kukaa, wengine wanarudi baada ya wiki 2 kama wanaweza kuinua mguu. Kazi ya kusimama kama ya mama, hesabu miezi miwili mpaka mitatu, na hii uiweke kwenye bajeti kabla, sisi tulipeana zamu ya vitumbua mimi na mdogo wangu. Kuendesha gari kwa mguu wa kulia sahau mpaka waya utoke na uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita.

Hatua ya nane: siku ya kutoa waya

Kwa kugandisha, waya hukaa wiki 4 mpaka 6, wa mama ulikaa 6. Alikuwa hajalala usiku ule kwa hofu. Ikawa hivi: amekaa, mguu kwenye stuli, daktari akapangusa, akashika kile kincha kwa koleo, akazungusha kidogo kulia na kushoto, akavuta. Ulitoka wote mara moja, urefu kama njiti ya kiberiti na nusu, unang'aa, na nyuma yake tone moja la damu. Mama akauliza, "Ndo basi?" Hakuchomwa ganzi na wengi hawahitaji. Meza Panadol saa moja kabla inatosha. Kinachobaki ni tundu dogo, linafunikwa siku moja mbili, na likishaziba ndo unaruhusiwa kulowesha mguu.

Waya kutoka haina maana mfupa umekuwa chuma. Wiki chache zinazofuata kidole kinafungwa na cha jirani kwa plasta laini, unavaa kiatu kipana chenye soli ngumu, huchezi mpira wala kubeba ndoo ya maji kichwani kwenye utelezi. Eksirei ikionyesha mifupa haijaungana kabisa usikate tamaa, wakati mwingine panaunga kwa nyama ngumu kama kovu badala ya mfupa, kidole kinabaki kimenyooka na hakiumi, na hicho hakiguswi. Kinachohitaji kurudiwa ni kile kinachouma au kilichopinda tena.

Uvimbe utakukera. Miezi 3 mpaka 6 kidole kinakuwa kinene kama soseji hasa jioni, kwa wengine mpaka mwaka. Ganzi kidogo kwenye ncha nayo inatokea, na ncha ya mbele inaweza kuinama kidogo. Kidole kinaweza pia kisiguse chini vizuri ukisimama. Hayo uyajue kabla ya kusaini.

Kama ni kidole gumba

Gumba ni habari nyingine, linagandishwa pale shinani, sanasana kwa gegedu iliyokwisha, kwa baridi yabisi, au gumba lililolala upande kupita kiasi. Hapa ni skrubu au bati dogo na skrubu, vinabaki ndani. Daktari analiweka gumba likiwa limeinuka kidogo, kama nyuzi 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na anaweka kitu bapa kama mfuniko wa trei chini ya unyayo palepale thieta aone limekaaje, kwa sababu likiganda chini sana litauma chini ukikanyaga, likiganda juu sana litasugua kiatu. Mwambie mapema maisha yako yalivyo. Gumba lililoganda halikunji kwenye sijda, mguu inabidi uulaze, kuchuchumaa muda mrefu kunakuwa kugumu, na mchuchumio mrefu ndo umeagana nao. Lakini maumivu yale ya kila hatua huwa yanaondoka, na watu wanarudi kutembea masafa na hata shambani. Kukanyaga ni kwa kisigino wiki 6 hivi, na eksirei ndo inayoruhusu zaidi ya hapo.

Kidole kilichogandishwa kiungo cha katikati kama cha mama hakina masharti hayo. Shina lake bado linakunja, kwa hiyo mwezi wa tatu tangu opresheni alirudi kuswali chini na akarudi kwenye choo chake cha kawaida, akaniambia kile kiti cha mbao nisikitupe, nimpelekee jirani anayesubiri tarehe. Kabla ya kununua kiatu kipya tulirudia ule mchoro wa karatasi, mguu ulikuwa mpana kidogo kuliko mwanzo kwa ajili ya uvimbe, tukachukua sandali ya mikanda yenye kamba ya nyuma, wazi mbele, namba moja zaidi. Hicho ndo anachosimama nacho asubuhi kwenye kikaango chake sasa hivi, na chini ya meza kuna stuli ya kuwekea mguu wateja wakipungua.